Nukta Aliyoisogeza Fundi

Jumamosi ile Fundi alifungua duka akiwa na furaha tele, na kufikia saa nne asubuhi hakuwa amebakiwa na hata chembe yake.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, fundi wa viatu kama baba yake alivyokuwa. Watu wa mtaa ule walishazoea kumwona nyuma ya meza yake, misumari midomoni na nyundo mkononi, akigonga soli ya kiatu cha mwanamume mwenye mwili mara mbili ya wake huku akimkaripia aache kuburuta miguu kama mtu anayevutwa kwa kamba. Jina lake wengi walikuwa wamelisahau. Walimwita Fundi, naye aliitika.

Furaha yake ya asubuhi ilitokana na mchumba wake. Kona, kama walivyomwita, alikuwa na kazi ambayo wazee wa mtaa hawakuielewa hata walipoelezwa mara tatu. Alipangia watu njia za kutembea. Mtu alimpigia simu akamwambia nina saa mbili, naogopa mbwa, nataka kuona maji, na nisirudi nilikopitia. Basi Kona alijikunyata na simu yake, akafungua programu ya ramani, akaanza kuweka nukta kwa kidole: hapa unaiacha lami, hapa unapita nyuma ya maghala, hapa kijito, hapa kivuli. Nukta zikaungana zikawa mstari, mstari ukatumwa kwenye simu ya mteja, na sauti ikamwongoza kona kwa kona hadi mwisho. Jina lilimjia kwa sababu hakuwahi kumpitisha mtu barabara iliyonyooka ilimradi palikuwa na pa kupindia.

Kazi ile ilikuwa na sharti moja. Hakuna njia iliyokwenda kwa mteja kabla haijatembewa mara mbili. Mara ya kwanza Kona aliipita peke yake, ahakikishe kwamba ramani haijamdanganya. Mara ya pili aliipita na mtu mwingine, kwa kuwa yeye aliyeichora alishaipenda na macho yake hayakuona tena kasoro. Kwa mwaka mmoja na nusu mtu huyo wa pili alikuwa Fundi. Hawakuwahi kuandikiana, lakini nafasi ile ilikuwa yake kama kiti chake cha dukani kilivyokuwa chake. Ni kwenye matembezi ya pili Kona alipomshika mkono kwa mara ya kwanza, kwa kisingizio cha kumvusha mtaro ambao hata kuku angeuruka. Ni kwenye matembezi ya pili alipomwomba wafunge ndoa, juu ya daraja la mbao, na kabla Fundi hajajibu simu mfukoni ikasema, "Endelea moja kwa moja." Walicheka mpaka wakalazimika kushikilia kingo za daraja.

Tena Kona alikuwa ameiunganisha programu yake na simu ya Fundi, aone kila njia na kuigusa atakavyo. Alimwambia akiona kasoro asiulize, arekebishe tu, kwani mkono wake ni mkono wa Kona.

Kwa hiyo saa nne ile Fundi alijifuta gundi vidoleni, akafungua simu aone njia ipi inangoja miguu yao kesho yake. Akakuta mpya. Ilipewa jina la Goti. Pale panapoandikwa jina la mteja palikuwa patupu, na Kona hakuwahi kupaacha patupu. Masharti yalikuwa haya: pasiwe na ngazi hata moja, benchi kila baada ya mita mia tatu, kivuli, kituo cha kunywa maji. Na chini yake, kwa herufi ndogo ambazo Fundi alizisoma mara mbili: matembezi ya pili yamekamilika, Alhamisi alasiri.

Alhamisi alasiri yeye alikuwa papa hapa, akishona mkoba.

Aligusa ramani. Alama ya Kona ilikuwa ya kijani siku zote, na kando yake ilizoea kwenda alama ya rangi ya chungwa, ndiyo ya Fundi. Hapa kando ya kijani ilikwenda ya zambarau. Akaigusa kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa pasi kujua kama ni ya moto. Likajitokeza neno moja: Mwalimu.

Moyo ulimlipuka pu.

Mtaani hapakuwa na asiyejua habari za Mwalimu. Kabla ya Fundi alikuwa yeye. Alichumbiwa na Kona miaka mitatu, akahamishiwa shule ya mbali, barua zikapungua, uchumba ukafa kimya kimya bila ya mtu kuuzika. Miezi miwili iliyopita alirudi, mrefu vilevile, na sauti yake ileile ya kuwaambia watu waketi. Aliyefurahi kuliko wote alikuwa mama yake Kona. Mama huyo alishamwambia Fundi usoni, mbele ya wageni, kwamba mwanawe ataoa mtu anayekaa na vitabu, si mtu anayekaa na viatu vya watu.

Sasa Fundi alifanya kitu ambacho mwanamke asiyewahi kutembea na Kona asingejua kukifanya. Aliyasoma yale matembezi. Programu iliandika kila kitu, mwendo na vituo. Kona akiwa naye alikwenda kilomita tano kwa saa, na mara nyingi Fundi alimwambia angoje. Siku ile alikwenda mbili. Kona, ambaye hangoji hata chai ipoe, alikwenda kilomita mbili kwa saa kando ya alama ya zambarau. Benchi la kwanza walikaa dakika sita. La pili dakika saba. Benchi la kando ya bwawa walikaa dakika ishirini na mbili.

Dakika ishirini na mbili watu wawili wanazungumza nini mbele ya bwawa? Bwawa lenyewe halina hata bata.

Palikuwa na picha pia, aliyoipiga Kona ili mteja alitambue benchi. Benchi lilikuwa katikati, na kwenye pembe ya picha, kwa chini, palionekana mguu mmoja wa mwanamke, umevaa raba nyeupe. Fundi aliikuza picha. Hakuhitaji kuikuza sana. Ncha ya raba ilikuwa na mshono wa uzi wa nailoni, mishono kumi na moja, iliyolala upande kidogo kwa namna ambayo mkono mmoja tu katika mji ule ulijua kushona. Jumatano, siku moja kabla, Mwalimu alizileta raba hizo mwenyewe, akatabasamu, akaomba ziwe tayari upesi kwa sababu ana matembezi. Na Fundi alizipa kipaumbele. Alizipiga msasa, akazitia gundi nzuri, akamfungia kwenye mfuko, akamtakia matembezi mema.

"Umepauka kama hiyo karatasi ya msasa," alisema shangazi yake.

Shangazi, dada wa baba yake, alikuja kukaa dukani kila Jumamosi, kumsaidia kwa maneno. Fundi alimpa simu. Shangazi aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaitazama tena mbali, kisha akauliza kwa utaratibu yule Mwalimu si ndiye aliyeanguka mwaka jana akicheza mpira na wanafunzi wake, akaumia goti?

Fundi hakuwa amelifikiria hilo. Sasa alilifikiria. Njia ya Goti, jina la mteja halikuandikwa, mabenchi kila mita mia tatu.

"Amemchorea njia yake," alisema. "Yake peke yake."

"Mimi sijasema kitu," alijibu shangazi, ambaye hakuna siku aliyowahi kutosema kitu. "Mwanamume kumpangia mtu njia ni kazi yake. Ila kumtafutia na kivuli, hapo sasa."

Kijiba cha roho kilimkaa Fundi. Alijaribu kupiga nyundo akakosa msumari. Alijaribu kumpigia Kona simu, akaikata kabla haijalia, kwa sababu alijua akisikia sauti yake atalia, na aliapa hatamlilia mwanamume aliyekaa dakika ishirini na mbili. Picha zilimpita akilini moja baada ya moja. Kona akimwonyesha yule mwingine pa kukanyaga. Kona akimngoja. Kwa nini yeye hakuwahi kungojwa? Kwa sababu ana miguu mizima? Je, ili apendwe polepole ingembidi avunjike?

Shangazi alipotoka kwenda kununua sukari, Fundi aliifungua tena ile njia.

Ilikuwa njia nzuri, na hilo lilimuuma zaidi. Ilianza karibu na zahanati, ikapita chini ya miti, ikaambaa bwawa. Pale baada ya bwawa ilijikunja kwa upole kushoto, tambarare tupu. Kulia kwake, mita chache tu, kulikuwa na machimbo ya mawe ya zamani, na ngazi zilizochongwa na wachimbaji kwenye ukuta wa mwamba. Fundi alizijua. Yeye na Kona walizihesabu siku moja: mia na arobaini, bila mahali pa kushika.

Aliweka kidole juu ya nukta ya ile kona ya upole. Nukta ikatetemeka kidogo, kuonyesha kwamba imekubali kuvutwa. Akaivuta kulia, akaiachia juu ya ngazi. Mstari ukaifuata, mtiifu.

Hifadhi mabadiliko? iliuliza programu. Akahifadhi. Programu ikamjulisha kwamba mabadiliko yametumwa kwa mtembeaji mmoja.

Panda, alisema moyoni mwake. Panda na goti lako na raba zangu.

Kwa muda alijisikia vizuri, tusifichane. Alishona viatu viwili vya shule bila kukosea hata tundu moja. Alitia maji kwenye birika. Hakudhamiria mtu aumie. Alitaka tu yule mwenye sauti ya kuwaambia watu waketi atokwe jasho, avunjike moyo kidogo, ajue kwamba Kona naye hukosea. Kisha angeirudisha nukta mahali pake na hakuna ambaye angejua.

Alipotazama tena simu, palikuwa na doa jekundu kwenye ramani. Mtembeaji alikuwa ameshaanza. Doa lilijikokota chini ya miti, likasimama kwenye benchi la kwanza, likajikokota tena. Fundi alilitazama kama paka anavyotazama tundu. Lilipita bwawa. Lilifika penye ile kona, likasita, na kwa kusita kule Fundi alihisi ndani yake kitu cha kuona haya. Likageuka kulia.

Ni hapo tu alipoligusa, apate kuliona lile jina na kulifurahia.

Doa liliandikwa: Mama.

Mama yake Kona aliyeapa hatashika kidude hicho cha mwanawe maishani mwake. Mama yake Kona ambaye magoti yake yalilia akisimama na kulia akiketi, kila mtu mtaani ameyasikia. Goti lilikuwa lake. Kivuli kilikuwa chake. Fundi aliirudisha nukta, akahifadhi, lakini mle machimboni mtandao ulikuwa ukishika na kuachia, badiliko halikumfikia mama, na doa liliendelea kupanda kwa mstari wa zamani, hatua moja, hatua moja, kisha likaacha kusogea. Alimpigia mama simu. Haikupatikana. Alimpigia Kona.

"Mama yuko kwenye ngazi za machimbo," alimwambia. "Njoo sasa hivi."

Kona aliuliza anafanya nini kule, njia haipiti kule. Fundi alikata simu. Alichukua chupa ya maji, akatoka mbio na aproni yake ya ngozi, akapishana na shangazi mlangoni na sukari yake, na duka akaliacha wazi kwa mara ya kwanza tangu lirithiwe.

Mama alikuwa ameketi kwenye kipandio cha sitini na kitu, mgongo kwenye mwamba, mguu mmoja ameunyoosha mbele yake. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimelegea. Fundi alizipanda zile ngazi akihema, akasimama vipandio viwili chini yake, na kwa kukosa la kusema akasema lile alilofunzwa tangu utotoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu mama, akamtazama kwa muda. "Hata hapa unasalimia."

Alimpa maji. Mama alikunywa taratibu, akafuta mdomo. Goti lilikuwa limevimba. Fundi alilishika kwa viganja vyake viwili jinsi anavyoshika kiatu kilichofumuka, bila kubonyeza, na mama hakumkataza.

"Sauti iliniambia nipande," alisema mama. "Nilishangaa. Lakini mwanangu alinionya nifuate sauti, nisibishane nayo kama ninavyobishana naye. Nikapanda. Hapa goti likasema basi. Juu siwezi, chini naogopa."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Maneno yalikuwa mdomoni, tayari kabisa, nayo hayakutoka. Aliuliza mambo ya pembeni, kama aliumia mahali pengine, kama alipata kizunguzungu. Mama aliyajibu moja moja. Kisha akaitazama mikono ile iliyoshika goti lake, yenye madoa ya gundi na alama za sindano.

"Unajua kwa nini nilimtaka yule mwalimu aitembee njia yangu badala yako?"

"Kwa sababu yeye anakaa na vitabu, mama. Mimi nakaa na viatu vya watu."

"Hayo niliyasema," alikiri mama. "Nilimwambia mwanangu nitakubali hicho kidude chake kwa sharti hilo moja, aende na yule, nawe usijue. Alikataa wiki nzima. Nikamlilia, akakubali." Alivuta pumzi. "Ila sababu haikuwa vitabu. Mwanangu hampendi tena yule, nami najua. Akimwoa yule, atabaki wangu. Atakuja kwangu kila jioni kunywa chai na kulalamika. Akitoka kwako hana la kulalamika. Anakuja, anakaa, anatazama saa. Nikasema huyu sasa ndiye atakayeninyang'anya. Wivu, mwanangu. Mtu mzima na mvi zangu, nimeona wivu wa kitoto."

Ilikuwa mara ya kwanza mama kumwita mwanangu. Fundi aliinamisha kichwa, na machozi aliyokuwa ameapa kutoyalia yakamdondokea mama gotini.

Alifumbua mdomo amwambie, na hapohapo wakasikia miguu. Kona alikuwa akizipanda ngazi mbili mbili, shati limemganda mgongoni. Hakumtazama Fundi. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akamkagua uso, mikono, goti, akamuuliza yaleyale ambayo Fundi alishayauliza. Alipohakikisha kwamba hakuna kilichovunjika, akaketi kwenye jiwe na kuitazama simu yake.

"Nimekosea mimi," alisema. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Nilikuwa nimechoka nilipoichora. Labda kidole kiliteleza, nukta ikaja huku, nami sikuona. Nimempandisha mama yangu mwenyewe kwenye ukuta wa mawe."

Aliendelea kusema, kwa sauti ya chini, kwamba leo ni mama yake, kesho atakuwa mzee wa mtu mwingine au mjamzito. Kwamba atawapigia wateja wote jioni ile awaambie wafute kila njia aliyowahi kuwatumia. Kwamba mtu asiyejua kidole chake kilipogusa hana haki ya kuwaongoza wenzake. Mama alimwambia asiseme hivyo. Hakusikia.

Programu iliweka kumbukumbu ya kila badiliko, nani alilifanya na saa ngapi. Ilikuwa ni suala la kugusa mara mbili tu. Kona hakugusa, na Fundi alielewa kwa nini, na kuelewa kule kulimchoma kuliko wivu wote wa asubuhi. Hakugusa kwa sababu haikumpitia akilini hata kidogo kwamba kulikuwa na mtu wa kutafutwa. Angeweza kunyamaza. Kona angejilaumu mwezi mmoja, angesahau, na wao wangeoana. Mama ameshamwita mwanangu. Kila alichokitaka kilikuwa pale kwenye zile ngazi, nacho kilimtaka anyamaze tu.

"Si wewe," alisema Fundi. "Nukta niliisogeza mimi."

Kona aliinua macho. "Kwa bahati mbaya," alisema, na alilisema kama mtu anayeomba.

"Hapana. Makusudi. Niliona matembezi yenu ya Alhamisi. Niliona raba. Nilidhani njia ni ya Mwalimu, na nilitaka apande ngazi."

Mama aliuondoa mguu wake taratibu kutoka kwenye viganja vya Fundi.

"Na angekuwa ni yeye kweli?" aliuliza Kona. "Ingekuwa sawa?"

Fundi aliivuta aproni yake juu ya magoti.

"Ungeniuliza," alisema Kona.

"Ungeniambia. Nafasi ile ilikuwa yangu. Ulimpa mtu nafasi yangu, ukafuta jina la mteja nisijue, ukanificha kama mtu baki. Nimekosa, Kona, sijitetei. Lakini uliniumiza kwanza."

"Nilikuficha kwa sababu niliogopa kukuona unaumia. Hilo ni kosa langu na nitalibeba." Sauti yake ilikwaruza. "Lakini nilikuachia kila njia niliyowahi kuichora. Watu wanakwenda gizani wakiniamini mimi, nami nilikuwa nakuamini wewe. Kidole chako kimoja, Fundi. Mama angeteleza tu kidogo."

Upepo ulipanda kutoka chini ya machimbo ukaitikisa aproni ya Fundi. Hatimaye mama ndiye aliyesafisha koo.

"Mwambie uliyoniambia jana," alimwambia mwanawe.

Kona alitazama pembeni.

"Basi nitamwambia mimi, kwa maana ndiyo yaliyonitoa nyumbani peke yangu kwa hasira." Mama alimgeukia Fundi, na macho yake hayakuwa makali wala hayakuwa laini. "Jana alikuja kwangu akasimama mlangoni, hata kuketi hakuketi. Akasema, mama, nimetembea na uliyemtaka, na pale bwawani nimemwomba msamaha, nikamwambia asiningoje. Wala wewe, mama, usimngojeshe. Mke wangu ni Fundi. Ukija harusini nitafurahi, usipokuja nitaoa vilevile, na tangu leo sitamficha tena kitu chochote kwa ajili yako."

Dakika ishirini na mbili. Fundi alifunika uso kwa mikono yake yenye harufu ya gundi.

"Hayo niliyasema jana, mama," alisema Kona.

Alisimama, akainama, akaupitisha mkono wa mama yake shingoni mwake, akamwinua. Mama aliguna kwa maumivu. Walijaribu kipandio cha kwanza, na goti likamkataa, wote wawili wakayumba kuelekea upande usio na ukuta. Kona alijikaza, akamrudisha kwenye mwamba. Jasho lilimtiririka. Mama alipumua mara mbili, kisha akaunyoosha mkono wake wa pili pale hewani, bila kumtazama yeyote.

"Huyu peke yake haniwezi," alisema. "Njoo ushike huku."

Fundi alimtazama Kona. Kona hakusema njoo, wala hakusema usije. Alingoja. Basi Fundi akainuka, akaenda upande ule usio na ukuta, akauweka mkono wa mama begani mwake, na watatu wale wakaanza kushuka, kipandio kimoja kimoja.